Chubwi za betri, tumbo la baba na udongo wa kiwandani

SWALI

Assalaam aleikum wataalamu,

Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mume wangu ni fundi wa chubwi (vizito vya mshipi) na risasi za nyavu, na huu ni mwaka wa nne. Betri kuukuu anazipata kwa wenye maboti, wenye sola na watu wa bodaboda. Anazipasua kwa panga, asidi anaimwaga mchangani nyuma ya nyumba, vile vibamba vya ndani anavitia kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa. Ikishayeyuka anaimimina kwenye vishimo vya mchanga. Yote hufanyika kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, kwa sababu pale upepo hausumbui moto. Mtoto wa dada yake, wa miaka 15, humsaidia shule zikifungwa.

Miezi mitano sasa tumbo linamsokota, hapati choo siku tatu hadi nne, viungo vinamuuma, hana nguvu, na amekuwa mkali kwa jambo dogo, naye hakuwa hivyo. Ametibiwa vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya amiba, akatibiwa malaria mara mbili ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Nafuu haiji. Mwanangu wa miaka miwili na nusu hucheza pale pale kiwandani na hula udongo. Maneno aliyokuwa ameanza kuyasema ameyaacha, na chakula hakitaki. Mimi nina mimba ya miezi minne.

Mume wangu anasema kibaya ni moshi tu, ndiyo maana hujifunga kitambaa puani, na akimaliza hunywa nusu lita ya maziwa ya kusafisha kifua. Anasema wazee wameyeyusha risasi hapa miaka na miaka. Naomba kujua: ni kazi hii inayomdhuru? Tupime nini, wapi? Maziwa yanasaidia? Na kama ni kazi hii, tutakula nini, maana ndiyo riziki yetu?

Mke wa fundi, Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yetu.

Umeeleza kila kitu kinachohitajika, kwa hiyo hatutazunguka. Dalili za mumeo ukiziweka pamoja na kazi yake zinatosha kushuku sumu ya risasi kabla ya ugonjwa mwingine wowote. Na mtoto anayepoteza maneno huku akila udongo wa mahali betri zinapopasuliwa ni jambo la wiki hii, lisingoje mwezi mwandamo. Kushuku si kuthibitisha, lakini. Kinachothibitisha ni damu.

Nendeni nyote wanne: wewe, mumeo, mtoto na yule kijana. Anzieni Hospitali ya King Fahd hapo Lamu, na mkifika kwa daktari semeni maneno haya kabla ya kutaja tumbo: “Nyumbani tunapasua betri na kuyeyusha risasi, tunaomba tupimwe kiwango cha risasi kwenye damu.” Bila maneno hayo mtarudishwa na dawa za vidonda kama mara ya kwanza, na daktari hatakuwa na kosa kubwa, maana tumbo la risasi linafanana na matumbo mengine yote. Mumeo mwenyewe aeleze kazi yake hatua kwa hatua, asione haya.

Damu ichukuliwe kwenye mshipa na itiwe kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho dawa yake ya ndani huzuia damu isigande. Kabla ya sindano mkono uoshwe kwa sabuni na maji, usipakwe spiriti tu, kwa sababu vumbi la risasi lililo juu ya ngozi likiingia kichupani linapandisha majibu yasiyo ya kweli. Mkojo na nywele havifai kwa kipimo hiki. Mashine yake haipo kila maabara, hivyo ulizeni mapema kama sampuli itatumwa Mombasa au Nairobi, bei ni ngapi na majibu yatachukua siku ngapi. Siku hiyo hiyo waombeni wapime pia wingi wa damu na kazi ya figo, kwa sababu risasi huzuia mwili kutengeneza damu na huchosha figo taratibu bila maumivu. Kwa mtoto anayekula udongo, daktari anaweza kuagiza picha ya eksirei ya tumbo. Chembe za risasi huonekana humo kama nukta nyeupe, na zikiwepo zinatolewa kwanza, la sivyo zitaendelea kuyeyuka ndani yake.

Majibu huandikwa kwa maikrogramu kwa desilita moja ya damu. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema mtu yeyote akifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto akifika 45 au zaidi anahitaji dawa ya kuifunga risasi na kuitoa kwa njia ya mkojo, na tiba hiyo ni ya hospitali, chini ya macho ya daktari. Msikubali kuuziwa “dawa ya kusafisha damu” dukani wala kwa mpita njia. Hata dawa ya kweli ina sharti: mgonjwa asirudi kwenye sumu wakati anaitumia, maana anaweza kuishia na risasi nyingi mwilini kuliko alivyoanza. Ndiyo maana kusafisha nyumba ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kabla hata ya majibu, mtoto akitapika mfululizo, akilala usingizi usio wa kawaida, akiyumba akitembea au akipatwa na degedege, msingoje asubuhi. Huenda ni ubongo unaovimba. Mpelekeni saa ile ile, na mtaje risasi mlangoni.

Sasa, mumeo anauogopa moshi, na hakukosea kuuogopa, ila moshi ni adui mdogo kuliko anavyodhani. Tazama kibamba cha betri kwa karibu. Kina wavu wa risasi ngumu, na katika matundu ya wavu huo kumeshindiliwa uji uliokauka: kwenye vibamba vingine wa rangi ya kahawia iliyoiva, kwenye vingine wa kijivu, na betri ikiwa imekufa kuna ukoko mweupe juu yake. Uji huo wote ni risasi, peke yake au ikiwa imeungana na vitu vingine. Ukikipiga kibamba kwa panga, unakatika na kuwa unga laini kuliko unga wa ngano. Huo ndio unaokaa kwenye kucha, kwenye kofia, kwenye ndevu, kwenye mkeka na kwenye udongo wa kiwanda. Hauna harufu, hauwashi, na hauozi: ulioanguka miaka minne iliyopita upo pale pale.

Halafu kuna jiko. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 za Selsiasi, joto dogo kwa metali. Jiko la makaa likipepewa hupita hapo mbali sana, na kadiri joto linavyopanda juu ya 500 ndivyo mvuke wa risasi unavyoongezeka, ukapoa hewani na kuwa vumbi ambalo jicho halilioni. Ule uchafu unaoelea juu ya sufuria, anaouondoa kwa kijiko na kuutupa pembeni, ni unga wa risasi uliounguzwa. Kuuondoa kwa kuupiga piga ndiyo dakika mbaya kuliko zote za kuyeyusha. Na vibamba vikiwa na asidi hutoa pia moshi wa salfa unaochoma koo. Huo ndio moshi anaousikia yeye, kumbe unaomdhuru zaidi ni ule asiousikia.

Mtu mzima anayemeza risasi huingiza damuni karibu sehemu moja kati ya kumi. Mtoto mdogo anaweza kuingiza karibu nusu. Ongeza kwamba anatambaa chini, anatia vidole kinywani na anakula udongo wenyewe, utaona kwa nini mtoto asiyegusa betri anaweza kuwa na sumu nyingi kuliko baba anayezipasua.

Kuhusu wazee: kuyeyusha kipande kigumu cha risasi mara moja moja, nje, si sawa na kupasua betri kila wiki katikati ya nyumba. Na yaliyotokea Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi karibu na Dakar, Senegali, yanafanana mno na kazi ya mumeo. Mafundi wa pale walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kutengeneza vizito vya nyavu. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walikufa watoto 18 mtaani humo. Huku kwetu Pwani tunaijua Owino Uhuru, Mombasa, kijiji kilichojengana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwambie mumeo habari hizi kwa upole, pale atakapokuwa ametulia. Ukali alioupata huenda nao ni wa risasi, maana husumbua mishipa ya fahamu, humkosesha mtu usingizi na kumfanya awe mwepesi wa hasira.

Maziwa hayasafishi kifua. Yanateremka tumboni, vumbi liko mapafuni, na njia hizo hazikutani. Mafundi wengi nchini hunywa maziwa baada ya rangi, baada ya kuchomelea, baada ya asidi, na ubaya wake ni kwamba humpa mtu moyo wa kuendelea bila kinga. Ukweli mdogo uliomo ni huu: tumbo tupu hufyonza risasi zaidi, na mwili wenye upungufu wa kalsiamu au madini ya chuma huipokea risasi kwa pupa, ukiidhania ndiyo madini unayoyakosa. Basi fundi ale kabla ya kazi, lakini mbali na kazi. Na nyumba nzima ile dagaa wa kuliwa na miba, maziwa lala, kunde, mchicha, maini, na ndimu au embe pembeni ili madini ya chuma yaingie vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula, ingoje saa moja, maana inazuia madini ya chuma. Chakula hicho ni cha kila siku kwa miezi, na hakichukui nafasi ya kuiondoa sumu.

Cha kufanya leo, kabla ya hospitali, ni kuitoa kazi ndani ya nyumba. Hili hatulipi nafuu wala muda. Sufuria, panga, kijiko, mchanga wa kumiminia, vibamba vilivyobaki, vyote vitiwe kwenye ndoo au debe lenye kifuniko na kutoka. Sufuria hiyo isirudi jikoni daima, hata isuguliwe vipi. Mtoto ahamie kwa bibi yake au kwa jirani wiki hii mpaka usafi uishe, na wewe kwa ajili ya mimba usiushike ufagio wala maji ya kusafishia. Wafanye wengine.

Usafi wenyewe una namna yake. Msifagie pakavu, maana ufagio unalirusha vumbi hewani na linakaa saa nzima kabla ya kutua. Rowesheni kwanza kwa maji ya sabuni, kisha pangusa kwa matambara, ukianzia juu (rafu, vidaka vya ukutani, vizingiti vya madirisha) ukishuka chini. Ndoo tatu: ya sabuni, ya kusuuzia, na ya kukamulia uchafu. Maji yakigeuka rangi yamwagwe chooni, yasimwagwe kwenye mimea wala uani. Matambara yafungwe kwenye mfuko na kutupwa. Rudieni baada ya siku tatu, kwa sababu vumbi la kwanza halitoki lote. Kuta zetu za mawe na chokaa hubanduka na kushika vumbi, hivyo zikishaoshwa zipakwe chokaa upya. Mikeka ya ukindu ya chumba kile itupwe, haioshiki.

Udongo wa kiwanda ndio mgumu. Msiuchimbe na kuupeleka ufuoni au jalalani, mtakuwa mmeihamisha sumu kwa watoto wa wengine. Njia iliyo karibu ni kuufunika: urowesheni kwa maji kidogo vumbi lisiruke, shindilieni, kisha mwageni sakafu ya zege juu yake pasiwe na ufa. Pale nyuma palipomwagwa asidi, zungushieni uzio mtoto asifike na mwiteni afisa wa afya ya umma aone kabla ya kugusa kitu. Kama mna birika au jabia linalopokea maji ya mvua kutoka darini, fungeni njia ya maji mara moja. Vumbi la miaka minne limetua darini, na mvua ya kwanza italiosha lote likaingia kwenye maji ya kunywa. Dari lisuguliwe, maji ya mvua mbili tatu za mwanzo yaachwe yapite, na maji yaliyomo yapimwe. Ofisi ya Mkemia wa Serikali ipo Mombasa. Kuku wanaoparua kiwandani wafungiwe kwingine na mayai yao yasiliwe, kwani risasi huingia mpaka kwenye yai.

Sasa riziki. Hapa tuna mambo mawili ya kumwambia fundi, na la kwanza ni amri ya afya zaidi kuliko ushauri: asipasue betri tena kamwe, mahali popote, kwa kinga yoyote aliyo nayo. Kazi hiyo inataka kiwanda chenye mitambo ya kunyonya vumbi. Betri nzima, asidi ikiwa ndani yake, ina mnunuzi wake kwa kilo. Aiuze nzima kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa.

La pili, wavuvi wanahitaji uzito na hawalazimiki kutumia risasi. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita. Chuma ni chepesi kuliko risasi kwa ujazo ule ule, na majini hupoteza uzito zaidi kidogo, kwa hiyo ili kupata nguvu ile ile ya kuzama ongeza kama asilimia 5. Kwa hesabu hiyo, chubwi ya gramu 100 inachukuliwa nafasi na kipande cha nondo cha sentimita 12. Akikate kwa msumeno wa chuma, akipige tupa ncha zisikate mshipi, akichomelee kipete cha waya mnene, kisha akichovye kwenye lami au rangi ya mafuta mara mbili dhidi ya kutu. Kitakuwa kirefu kuliko chubwi ya risasi na kitanasa kwenye mawe zaidi, hilo wavuvi watalilalamikia. Kwa nyavu haina shida kubwa: nati kuukuu na vipande vya nondo hufungwa vizuri kwenye kamba ya chini. Sisi tungeanza na nyavu, mshipi ufuate.

Ikiwa kwa kipindi fulani ataendelea kumimina risasi, iwe risasi safi tu, kama bomba au mabati ya risasi, na baada ya daktari kuona majibu yake na kumruhusu. Mahali pawe wazi, mbali na nyumba, na upepo ukimpiga ubavuni ili moshi uende pembeni, usimrudie usoni. Akumbuke kwamba mahali panapofaa wakati wa kusi panaweza kuelekeza moshi mlangoni kwa jirani kaskazi ikiingia. Chungu kiwe cha chuma kizito, chenye kifuniko, kisiwe sufuria ya alumini ambayo moto ukizidi hutoboka. Kipimajoto ni bora. Asipokuwa nacho, achovye ncha ya kijiti kikavu cha mbao: kikigeuka kahawia bila kushika moto, joto linatosha, na kikiwaka, amepitiliza, apunguze makaa. Uchafu wa juu autoe polepole, autie kwenye kopo la bati, afunike hapo hapo.

Na maji! Tone moja la maji likifunikwa na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kupanuka zaidi ya mara elfu moja kwa kufumba na kufumbua. Risasi yote inaruka. Mchanga wa pwani unaoonekana mkavu juu una unyevu ndani, na chumvi yake huvuta unyevu wa hewa. Mchanga wa kumiminia ukaangwe kwanza, kijiko kipashwe moto kabla ya kuzamishwa, na kipande kipya kiwekwe ukingoni mwa chungu kikauke kabla ya kutiwa. Avae ngao ya uso, glavu za ngozi, suruali nzito inayofunika mdomo wa kiatu, na viatu vilivyofungwa. Kikoi na ndara havimfai hapo.

Kitambaa puani hakizuii vumbi hili, wala barakoa ya hospitali. Kinachofaa ni kinyago cha mpira cha nusu uso chenye vichujio vya P3 au P100. Nacho kina sharti linalowasumbua wengi wetu: ndevu zikipita chini ya ukingo wa mpira, hewa hupenya pembeni na kinyago huwa pambo. Asiyetaka kupunguza ndevu, na ana haki yake, asitegemee kinyago. Aache kuyeyusha, akate nondo.

Mkononi ndiko sumu inakopitia kwenda kinywani, kwa hiyo kazini hakuna sigara, hakuna tambuu, hakuna miraa. Miraa hasa, kwa sababu mtu huichambua kwa vidole vile vile saa nne nzima. Hakuna kubana chubwi kwa meno pia, na hilo fundi awaambie wavuvi wanaonunua kwake, maana wengi hufanya hivyo kila siku baharini. Akimaliza kazi anawe mpaka kwenye viwiko kwa sabuni, asugue kucha kwa brashi, kisha ndipo asukutue na kupandisha maji puani. Udhu peke yake hautoshi hapa: vumbi hili lina kushika, maji matupu hayalitoi, hivyo sabuni itangulie udhu. Aoge na kichwa, abadili nguo kule kule, na kofia ya kazini isiwe ya msikitini. Nguo za kazi zisikung'utwe. Ziloweshwe zikiwa zimekunjwa, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala nguo za mtoto. Simu aipanguse kwa kitambaa cha sabuni kabla haijafika mkononi mwa mtoto. Simu husahaulika sana.

Kwako wewe, dada, na mimba yako. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi na hufika kwa mtoto aliye tumboni. Na si ya leo tu: sehemu kubwa ya risasi ya mtu mzima hukaa mifupani miaka na miaka, na wakati wa mimba mwili unapochota kalsiamu mifupani huichota na risasi pamoja nayo. Ndiyo maana kliniki ni lazima ijue, na vidonge vya madini ya chuma, foliki na kalsiamu visikatizwe. Kama unakula udongo au yale mawe ya sokoni kwa hamu ya mimba, tunakuomba uache leo. Na sema na daktari kuhusu wanja: baadhi ya wanja wa manga, ule wa jiwe linalosagwa, ni madini ya risasi yenyewe. Usimpake mtoto machoni wala kitovuni, na wewe uuache kwa sasa. Kunyonyesha ukijifungua kwa kawaida kunaendelea, isipokuwa kiwango chako kiwe juu sana, na hapo daktari atakuambia kwa kuangalia namba.

Sumu ikikatwa, risasi ya damuni hupungua kwa nusu kwa takriban mwezi mmoja, kisha kasi inapungua kwa sababu mifupa inaendelea kurudisha kidogo kidogo. Rudieni kipimo baada ya mwezi, halafu baada ya miezi mitatu. Namba isiposhuka kuna chanzo kimebaki, na mara nyingi ni birika, mkeka au nguo. Tumbo na choo cha mumeo vinaweza kutulia mapema. Maneno ya mtoto yanaweza kuchukua muda, kwa hiyo mwombeni daktari ampime usikivu na ukuaji, zungumzeni naye kutwa, msingoje risasi iishe ndipo mumfundishe.

Yule kijana wa miaka 15 asirudi kwenye kazi hii. Sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari, na mwili wake bado unakua. Mama yake aambiwe wazi aliyoyagusa mwanawe, ampeleke kupimwa hata kama hana dalili yoyote. Na siku mumeo, au fundi mwingine yeyote anayetusoma, atakapoajiriwa kwenye karakana ya betri au ya rangi za maboti, ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, zote za 2007, zinamhusu: sumu ya risasi inahesabika kuwa ugonjwa wa kazini, mwajiri anawajibika kulipa, na karatasi ya majibu ya damu ndiyo ushahidi. Aitunze nakala yake nyumbani, asimwachie mwajiri peke yake.

Tuandikie majibu yakitoka, dada, namba za wote wanne na tarehe za vipimo, na utuambie kama kiwanda kimeshamwagwa zege.